Ufuo Ulio Salama: Nasaha kwa Wenye Kwenda Kuogelea Ziwani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila zifikapo siku za Idi, na kila shule zifungwapo, watu wa Ujiji na Kigoma huelekea ziwani. Akina baba huwachukua wana wao, akina mama hufunga chapati na migebuka katika makapu, vijana hutangulia kwa miguu au kwa baiskeli, na ufuo hujaa vicheko. Jambo hili ni jema. Dini yetu haikumkataza mtu kuistarehesha nafsi yake kwa lililo halali. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliwahimiza watu wawafunze watoto wao kuogelea, na wanavyuoni wamelihesabu jambo hilo katika michezo yenye manufaa.

Lakini furaha isiyotanguliwa na mazingatio huweza kugeuka majuto. Mwenye kutaka kumwoza binti yake huuliza kwanza habari za mchumba. Mwenye kununua ng'ombe humfunua kinywa akatazama meno. Iweje basi mtu awatie watoto wake sita katika maji asiyoyajua, pasina kuuliza lolote ila njia ya kufikia? Ndiyo sababu twapenda leo, ewe ndugu msomaji, tuzungumze habari ya ufuo ulio salama: hujulikanaje, na safari yake hupangwaje.

BENDERA YA BULUU

Katika nchi za ng'ambo liko jambo liitwalo Bendera ya Buluu. Lilianzia Ufaransa mwaka 1985, likaenea Ulaya tangu mwaka 1987, na mwaka 2001 likafika Afrika ya Kusini, nayo ikawa nchi ya kwanza kulipokea nje ya Ulaya. Ufuo utakao bendera hiyo sharti utimize mambo mengi. Maji yake hupimwa msimu wote wa kuogelea, wala haupiti zaidi ya mwezi mmoja baina ya kipimo na kipimo, ili ijulikane kama yamo vijidudu vitokanavyo na kinyesi. Matokeo hubandikwa ubaoni, kila apitaye ayasome. Vyoo huwepo, mapipa ya taka huwepo, na vyombo vya kuokolea huwekwa karibu. Tena bendera haitolewi mara moja ikapepea milele. Hutolewa kwa msimu mmoja tu, na ufuo ukiharibika hushushwa.

Huku kwetu mwambao wa Kigoma bendera hiyo haipepei. Wako watakaosema, "Sisi twaenda ufuo wa Jakobsen, karibu na Katonga, penye vijighuba vya mchanga, na mlangoni twatoa kiingilio." Naam, ni pahala pazuri, na wageni wengi hupasifu. Lakini kiingilio ni bei ya kupita mlangoni, si cheti cha maji. Na wengi wetu hatuendi huko. Twateremka Ujiji, au Kibirizi, au Bangwe, palipo karibu na nyumba zetu. Basi iwapo hakuna mkaguzi aliyetutangulia, mkaguzi ni mwenye nyumba mwenyewe. Yeye ndiye mchungaji wa watu wake, naye ataulizwa juu yao.

TOHARA NA USALAMA SI KITU KIMOJA

Hapa yapasa tuondoe dhana moja iliyoenea baina ya Waislamu. Mtu hujisemea: "Maji ya ziwa ni mengi, nayo ni tohara; nachukulia udhu humo, basi nina hofu gani ya kuoga?" Maneno haya nusu yake ni kweli.

Sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi twajua kwamba maji yakifikia kula mbili, yapatayo lita 200 hivi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi, maadamu rangi yake na tamu yake na harufu yake haikubadilika. Ziwa Tanganyika limepita kula mbili kupita hesabu. Udhu wake ni sahihi na josho lake ni sahihi. Wala hatutaki mtu yeyote aingiwe na wasiwasi katika hilo.

Lakini hukumu ya tohara yahusu ibada, na usalama wa mwili ni mlango mwingine. Sumu iliyotiwa katika maji matwahara haiyaondolei utohara, wala utohara hauiondolei sumu madhara yake. Na sheria iliyotuambia kuwa maji haya ni tohara ndiyo hiyo hiyo iliyotukataza tusijitie katika maangamizo kwa mikono yetu. Basi mwenye kutazama rangi na tamu na harufu amejua hukumu ya udhu wake. Hajajua bado hukumu ya afya ya mwanawe. Adui tumtakaye kumtaja hana rangi, wala tamu, wala harufu.

ADUI ASIYEONEKANA

Adui huyo ni kichocho. Kipo cha mkojo na kipo cha tumbo, na hiki cha tumbo kimeonekana katika vijiji vya mwambao wetu. Kwa kuwa wengi wakijua jina wala hawakijui kijapo, yafaa tueleze njia yake hatua kwa hatua.

Mtu mgonjwa hujisaidia majini au kando ya maji. Mayai ya mnyoo hutoka pamoja na mkojo au kinyesi chake, huanguliwa majini, na kidudu kitokacho humtafuta konokono wa namna maalumu. Humo ndani ya konokono huzaana kwa muda wa majuma kadhaa. Kisha hutoka vijidudu vipya kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho, vikaogelea vikitafuta ngozi ya mwanadamu. Vikiipata huipenya kwa dakika chache, bila ya jeraha wala maumivu ya kumshitua mtu. Pengine huwasha tu. Ndani ya mwili hukua vikawa minyoo, hukaa katika mishipa ya damu kwa miaka, na kutaga mayai kila siku. Mayai hayo ndiyo yaharibuyo: huumiza utumbo na ini, au kibofu, mpaka mtoto akatoka damu katika choo au mkojo, akalegea, tumbo likamvimba, na masomo yakamshinda.

Sasa, ndugu msomaji, itazame njia hii kwa makini. Ina viungo vitatu: mtu, maji, na konokono. Konokono hatuwezi kumwamrisha. Maji hatuwezi kuyahama. Lakini kiungo cha kwanza kimo mikononi mwetu. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotulia, na akatahadharisha vikali juu ya kujisaidia mahali watu watekapo maji, na njiani, na kivulini. Waislamu waliyashika makatazo haya zaidi ya miaka elfu kabla ya kuwapo darubini ya kuwaonyesha watu mayai ya minyoo. Lau kila mtu wa mwambao huu angeyashika kwa ukamilifu, yai la kichocho lisingeyaona maji, na konokono angebaki konokono tu. Mtoto wa chuoni akumbukaye adabu hii anapokuwa peke yake majini, asipoonwa na mtu ila Mola wake, huyo amewahifadhi watu wote waogao baada yake.

Wala si kichocho peke yake. Mwezi wa Mei mwaka 2015, wakimbizi wengi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufuoni karibu na mpaka, wengi wao wakingoja kuletwa Kigoma kwa meli ya Liemba. Vyoo vilikuwa haba, na maji yaliyokuwapo ni ya ziwa. Kipindupindu kikazuka, maelfu waliugua na watu wapatao thelathini walikufa. Ziwa ni lile lile zuri lionekanalo katika picha.

ZIWA LETU NA TABIA ZAKE

Mwenye kutaka kuoga katika ziwa hili na alijue. Urefu wake wapata kilomita 670, na kina chake cha juu kabisa chapata mita 1,470. Hapana ziwa lililolipita kwa kina duniani ila lile la Baikal katika nchi ya Urusi. Limelala katika Bonde la Ufa, na kando zake mahali pengi huteremka ghafula. Mtoto aliyesimama maji ya kiuno aweza kupiga hatua chache akakosa pa kukanyaga.

Pili, maji yake huingia kwa mito mingi lakini mto utokao ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa kugeuka mvuke juani, na mvuke hauchukui taka. Kwa hiyo uchafu tuutupao hausafiri kama uchafu wa mtoni. Wabaki kwetu, na kwa ndugu zetu wa Burundi, Kongo na Zambia tunaoshirikiana nao ziwa hili.

Tatu, ufuo wake hauna makao. Henry Stanley alipomkuta David Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, maji yalikuwa karibu na mji kuliko yalivyokuwa baadaye. Kwani yalizidi kupanda mpaka mwaka 1878, ndipo yakaizibua njia ya Lukuga na kushuka mita kadhaa, na mnara wa ukumbusho ukawa mbali na ziwa. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda tena kwa nguvu. Mwaka 2021 na mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za watu huko Bujumbura na Uvira, na huku kwetu pia yalizimeza sehemu za ufuo. Maana yake ni kwamba pahala ulipooga ulipokuwa kijana huenda leo si pale upajuapo. Chini ya maji yaweza kuwako kuta zilizobomoka, visiki, mabati, hata mashimo ya vyoo vilivyofunikwa. Usimpeleke mwanao kwa kumbukumbu za zamani. Nenda ukatazame upya.

NAMNA YA KUUKAGUA UFUO

Siku mbili tatu kabla ya safari, mkubwa mmoja wa nyumba na ateremke ufuoni ayatazame mambo haya.

Kwanza, maji yenyewe. Ufuo bora ni ule wa mchanga mtupu, ulio wazi kwa mawimbi, ulio mbali na makazi, usio na majani majini. Konokono wa kichocho hupenda maji ya kina kifupi yaliyotulia, penye magugu, karibu na bandari za mitumbwi na midomo ya mifereji. Akumbuke hata hivyo kwamba mawimbi hupunguza hatari, hayaiondoi.

Pili, mazingira. Je, upo mfereji utokao mjini? Yako mabaki ya kinyesi nyuma ya mawe? Kipo choo kinachotumika, au kila mtu hujificha kichakani? Ufuo usio na choo si ufuo wa kupeleka watu arubaini siku ya Idi, hata mchanga wake ungekuwa kama sukari.

Tatu, wanyama. Awaulize wavuvi na akina mama wafuao pale, maana wao ndio wajuao. Mamba na viboko hupenda midomo ya mito. Basi yafaa kujiepusha na delta ya Luiche, kusini ya Ujiji, na mbali zaidi mdomo wa Malagarasi. Mahali palipoonekana mamba mwezi huu hapaogwi mwezi huu, ingawa vijana watacheka.

Nne, kina na upepo. Aingie mwenyewe kwa fimbo ndefu, apime hatua kwa hatua, kisha aweke alama ya mipaka kwa kamba na madumu matupu. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huweza kuvuma kwa nguvu na kuinua mawimbi. Siku ya mawimbi makubwa watoto wacheze mchangani.

Tano, amwulize bwana afya wa kata kama watoto wa shule za karibu wamepatikana na kichocho. Swali hili halina gharama, nalo ni bora kuliko sifa za watu kumi.

SITARA NA SALA

Mwanamume na afunike baina ya kitovu na magoti, na vijana wetu wajue kwamba ziwa si ruhusa ya kuvua haya. Ama wanawake, wako wasemao wabaki juu wakipika, na hiyo ndiyo sitara yao. Kauli hii si ya insafu. Wanawake ndio washindao majini kwa kufua na kuosha vyombo. Nao pia hupatwa na kichocho, na mtoto akiteleza wao ndio walio karibu naye. Kumnyima mwanamke elimu ya kuogelea ni kumweka mlinzi bila silaha. Lililo sawa ni kuwatengea wakati wao au pembe yao iliyo faragha, waogelee wao kwa wao, na mwanamke ajuaye awafunze wasiojua. Tena wasiingie na buibui wala kanga zilizofungwa ovyo, kwani nguo pana ikilowa huwa nzito na kuzifunga miguu. Ishonwe suruali pana kiasi na kanzu fupi ya kitambaa chepesi. Sitara itapatikana na maisha yatahifadhika.

Safari isipangwe ikagongana na Ijumaa. Na atokaye Mwanga kwenda Katonga, au Ujiji kwenda Kibirizi, si msafiri katika hukumu ya sala; hafupishi wala hakusanyi. Wachukue mikeka, wamchague mwadhini katika watoto, na sala isimamishwe jamaa pale pale mchangani. Kwa udhu wachukue maji ya bomba kutoka nyumbani. Na wasio na bomba, maji ya ziwa yaliyotekwa na kuwekwa siku mbili kamili katika chombo kisafi kisicho na konokono, kwani vijidudu vya kichocho hufa katika muda huo. Maji hayo ni ya udhu. Ya kunywa yachemshwe.

SIKU YENYEWE

Watoke mara baada ya sala ya Alfajiri na kifungua kinywa chepesi. Waoge asubuhi mapema na kutoka majini kabla ya saa nne. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, tangu karibu na saa nne mpaka alasiri. Kwa hiyo asubuhi ni nafuu, ingawa hakuna saa iliyo salama kabisa. Atokapo majini kila mmoja ajikaushe mara moja kwa taulo kwa kujisugua vizuri. Hili husaidia kidogo. Mtu asilifanye kuwa ndiyo ngao yake.

Kila watoto watatu wawe na mkubwa mmoja ajuaye kuogelea, asiyefanya kazi nyingine: hasomi simu, hageuzi nyama, hazungumzi na jirani. Mdogo asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Watu hudhani mtu azamaye hupiga kelele. Aghalabu huzama kimya, kwa dakika chache tu. Liwekwe ufuoni dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo na kutiwa kamba ndefu. Mtu akizidiwa arushiwe dumu hilo alikumbatie, kisha avutwe. Asijitupe kila mtu kumfuata, kwani msiba wa mmoja mara nyingi umekuwa msiba wa wawili. Na atakaye kupanda mtumbwi avae jaketi la kuokolea, hata kama nahodha ni mjomba wake.

Wakati wa kuondoka, taka zote zirudi nyumbani katika mfuko. Kumwondolea Mwislamu udhia njiani ni katika matawi ya imani. Je, aliyeuweka udhia kwa mkono wake?

Kisha, baada ya miezi miwili au mitatu, waliooga wapelekwe zahanati wakapimwe choo na mkojo. Msipime siku ya pili mkatulia, maana mayai huwa hayajaanza kuonekana. Dawa ya kichocho, iitwayo prazikuanteli, ipo na huponya kwa idhini ya Mola. Lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena.

WAJIBU WETU

Tumesema bendera haipepei kwetu. Je, tungoje mpaka mgeni aje kuisimamisha? Msikiti mmoja pamoja na madrasa yake waweza kuchagua ufuo mmoja. Waombe ruhusa kwa serikali ya mtaa. Wachimbe vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake, mbali na maji na juu ya mahali mafuriko yafikapo. Wamwombe bwana afya aje kuwatazama konokono na kuwapima watoto. Waweke kamba ya mipaka na dumu la kuokolea. Kisha wasimamishe ubao: hapa pamekaguliwa siku fulani, na fulani. Na pakiharibika, wawe na ujasiri wa kuandika: leo hapaogwi. Kazi hiyo yahitaji majembe, mbao chache, na watu wakweli. Mwenye kuchimba kisima huandikiwa thawabu kila anywapo mtu. Nasi twataraji kwamba mwenye kuyahifadhi maji ya ziwa hatakosa fungu lake.

Enyi vijana, ziwa hili ni neema mliyozaliwa mkaikuta. Ogeleeni, mpate nguvu, mfurahi na ndugu zenu. Lakini mjue kwamba neema ina shukrani yake, na shukrani ya maji ni kutoyachafua. Nanyi akina baba, mtoto akikuuliza kesho, "Baba, ufuo huu ni salama?", usimjibu kwa kuangalia uzuri wa mchanga. Mjibu kwa lile ulilolikagua.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye kuziangalia amana zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.